Baba ameacha kuniuliza daktari alisema nini

Shikamoo Mama,

Nina miaka 36, nimeolewa, nina watoto wawili na naishi Igoma, hapa Mwanza. Kazi yangu ni ushonaji. Nina cherehani mbili kwenye baraza la duka la mtu, na kwa sasa nashona sare za shule. Kwetu ni Ukerewe. Baba yangu ana miaka 68. Amevua samaki tangu ujana wake mpaka magoti yalipoanza kumsumbua, akabaki na mtumbwi mmoja wa injini anaoshirikiana na rafiki yake.

Mwishoni mwa mwaka jana Baba alianza kusema ugali unamkwama. Kwetu tunakula ugali wa muhogo, na ule ukiwa mzito humkwama yeyote, kwa hiyo tulicheka tu tukamwambia apunguze matonge. Pasaka nilipokwenda nyumbani nilimwona anamega tonge dogo kama punje ya karanga, analichovya kwenye mchuzi wa sato mara mbili, anafumba macho, ndipo anameza. Nilimnunulia vidonge vya vidonda vya tumbo kwenye duka la dawa, nikapanda meli nikarudi zangu mjini. Mama, ile ndiyo picha inayonijia kila usiku. Nilimwona na nikaondoka.

Zahanati moja ilimtibu vidonda vya tumbo miezi minne. Mwezi wa nane mama yangu akanipigia kwamba sasa hata uji mzito haupiti. Nilimfuata. Nilipomkuta, mkanda wake wa suruali ulikuwa umetobolewa matundu mapya matatu kwa msumari. Hapa mjini hospitalini walimwingiza mpira wenye kamera, wakakata kinyama wakapeleka maabara. Tulisubiri majibu wiki mbili.

Siku ya majibu tulipofika kwenye ngazi, Baba alishika ukuta akaniambia, "Nenda wewe ukasikilize, mwanangu, mimi ngazi zimenishinda." Nikaingia peke yangu. Daktari alinieleza vizuri, bila haraka. Ni saratani ya koo la chakula, imeshasogea, na upasuaji haufai tena. Kuna mionzi, kuna kuwekewa mrija wa kupanua njia ili aweze kumeza, na kuna dawa za maumivu. Akasema nimlete Baba naye azungumze naye. Nikamjibu, nitamwambia mwenyewe.

Nilipotoka, Baba alikuwa amekaa kwenye benchi, kofia yake iko magotini. Akaniuliza, "Wamesemaje?" Nikamwambia ni vidonda, vimekuwa vikubwa, utapewa dawa.

Usiku ule nikaandika ukweli kwenye grupu la familia. Kaka yangu mkubwa, ambaye yuko Dar es Salaam, akapiga simu papo hapo: asiambiwe, na mama naye asiambiwe kwa sababu ana presha. Alisema, "Ukimtajia mzee neno hilo utakuwa umemuua kabla ya siku zake." Yeye ndiye anayetuma pesa nyingi, kwa hiyo sisi wengine tukanyamaza. Shangazi yangu, dada wa Baba, ana lake. Anasema koo si ugonjwa wa hospitali. Kuna bibi mmoja jirani waliyegombana naye mpaka wa shamba, eti ndiye aliyemfunga Baba koo. Anataka tumpeleke kwa mtaalamu upande wa Sengerema, na wadogo zangu wameanza kumsikiliza. Wanazungumzia kuuza ng'ombe.

Baba aliniuliza tena baada ya siku mbili, nikamjibu vilevile. Baada ya hapo hajaniuliza. Wiki iliyopita aliomba simu, akampigia mwenzake wa mtumbwi, wakahesabu deni la injini na la nyavu, akamwita mwanangu wa kwanza aandike kila kitu kwenye daftari lake la shule. Nilifurahi, nikaona amechangamka.

Mimi mwenyewe sipo sawa. Juzi nimeshona mashati sita, mkono wa kulia nimeuweka kushoto. Nimemchapa mtoto kwa kumwaga uji wa babu yake, kisha nikajifungia chooni nikalia. Mama yangu anapiga simu kila jioni kuuliza mgonjwa anarudi lini, na kila jioni namdanganya.

Jumanne ijayo tunatakiwa kliniki kupanga mionzi. Nimwambie Baba au nimtii kaka? Shangazi nimfanyeje? Na je, lile la Pasaka ni kosa langu?

Binti wa Igoma

—

Marahaba mwanangu. Pole sana. Pole ya mzee, na pole ya mzigo ulioubeba peke yako kutoka kwenye chumba kile cha daktari mpaka leo.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nasimama mahali pamoja. Unasema Baba alikuuliza mara ya kwanza, akakuuliza mara ya pili, kisha hakuuliza tena. Baada ya hapo akaomba simu, akahesabu madeni, akamwandikisha mjukuu. Wewe uliona amechangamka. Mimi naona mtu anayefunga mahesabu yake. Mvuvi wa miaka 68 hahesabu deni la nyavu katikati ya wiki, tena kwa maandishi, kwa sababu ya vidonda vya tumbo.

Nimefanya kazi ya uuguzi wodini kwa miaka mingi kabla ya kuandika safu hii, na nakuambia kwa uhakika wa macho yangu: mgonjwa anayeshindwa kumeza uji anajua. Jina la ugonjwa anaweza asilijue, lakini mwili wake anaujua kuliko kamera. Anachokisoma usoni kwako kila asubuhi ni kwamba kuna jambo, na kwamba jambo hilo halisemeki. Kwa hiyo amekuonea huruma, akaacha kukuuliza. Sasa mko wawili nyumba moja, kila mmoja anamlinda mwenzake kwa kunyamaza, na kila mmoja analia peke yake. Wewe unalilia chooni. Yeye sijui analilia wapi.

Kwa hiyo jibu langu ni mwambie, na umwambie kabla ya Jumanne. Ila namna ya kumwambia ndiyo kazi yenyewe, na hapo nitakaa kidogo.

Kuna neno moja la mzee ambalo hatupaswi kulipita: "Nenda wewe ukasikilize." Huenda kweli ngazi zilimshinda. Lakini huenda pia alikutuma. Wazee wengine wa kwetu hawataki kusikia habari kutoka kwa mtu mwenye koti jeupe, wanataka iletwe na mtoto wao, kwa lugha ya nyumbani, wakiwa wamekaa. Wengine hawataki kujua yote, wanataka kujua kinachotosha. Hiyo ni haki yao. Wewe na kaka yako mmekuwa mkibishana aambiwe au asiambiwe, na hakuna aliyemuuliza mwenye ugonjwa anataka nini. Anza hapo.

Chagua asubuhi, akishakunywa uji wake, watoto wakiwa wameenda shule. Kaa chini yake au kando yake, mahali atakapoweza kutazama pembeni akitaka. Mwambie hivi, au kwa maneno yako yanayofanana na haya: "Baba, siku ile ulinituma nikusikilizie. Nilisikia, lakini sikukuletea yote niliyopewa. Nisamehe. Unapenda nikuambie yote sasa, au nikuambie kidogo kidogo?" Kisha nyamaza. Usijaze ule ukimya, hata ukiwa mrefu. Akisema "Niambie," mwambie kwa sentensi fupi: kuna uvimbe kwenye njia ya chakula, kile kinyama walichokata kimeonyesha ni saratani. Litaje neno lenyewe mara moja, kwa sauti yako ya kawaida, kisha nyamaza tena. Akisema "Hayo mengine mtayajua ninyi na daktari," basi muulize ni nani kati yenu angependa awe msikilizaji wake na mwamuzi wake, na uishie hapo. Mlango umeshafunguliwa, ataupita akitaka.

Akikuuliza, "Nitapona?" usimwambie atapona. Najua ulimi utakuvuta. Mwambie alichosema daktari, yaani hawawezi kuuondoa ugonjwa wote, ila wanaweza kumfungulia njia ameze na wanaweza kumzuilia maumivu. Akiuliza ana muda gani, usitaje miezi. Hata daktari mwangalifu hatoi tarehe. Na ukianza kulia mbele yake, lia. Hajawahi kukuona ukilia tangu utoto wako? Basi atakushika mkono, na atakuwa baba tena badala ya kuwa mgonjwa tu. Hilo nimeliona wodini zaidi ya mara moja, na kila mara nilitoka nje ya pazia niwaachie nafasi.

Sasa kaka yako. Usimchukie. Aliyesema neno litamuua mzee anasema kwa hofu, na hofu yake ina sababu. Kwetu saratani imekuwa neno lenye kaburi ndani yake, kwa kuwa wagonjwa wengi hufika hospitali wakati imeshasambaa, na tunaowazika ndio tunaowakumbuka. Ndiyo maana watu hunong'ona "ule ugonjwa". Lakini Mzee Ali Hassan Mwinyi alipofariki tarehe 29 Februari 2024, Rais Samia alipolitangazia taifa alilitaja jina la ugonjwa bila kuficha, saratani ya mapafu. Nchi nzima ikasikia. Kama neno linaweza kutajwa juu ya Rais mstaafu wa miaka 98, linaweza kutajwa sebuleni Igoma.

Ila usimshinde kaka kwa hoja kwenye grupu. Mambo ya namna hii hayaamuliwi kwa meseji. Mpigie mkiwa wawili, kwa heshima yake ya ukubwa, umweleze jambo moja la kawaida kabisa ambalo naamini hajaliwaza: siri hii haiwezi kuvuka Jumanne. Mionzi ya koo si sindano moja ya kupita. Mara nyingi mgonjwa huenda siku tano kwa wiki, kwa wiki kadhaa kulingana na mpango, na atakaa benchi moja na watu wenye ugonjwa kama wake. Benchi lile lina mdomo. Mgonjwa wa pembeni atamuuliza, "Wewe mzee yako iko wapi?" Tena kabla ya kuanza, daktari anatakiwa kumweleza mwenyewe na kupata ridhaa yake. Swali la kaka yako si tena kama mzee atajua. Ni kama atajua kutoka kwa mwanawe aliyekaa karibu naye, au kutoka kwa mgeni kwenye foleni. Mwombe kaka aje. Akishindwa kuja, awe kwenye simu ya sauti siku ya kliniki, asikie kwa masikio yake. Na kama bado anagoma, una baba mdogo au mzee mwingine wa ukoo ambaye kaka anamheshimu? Pitia kwake. Usisubiri kibali cha kaka kumjibu Baba siku akikuuliza tena, hata hivyo. Mwenye ugonjwa akiuliza, anajibiwa.

Mama yako usimwambie kwa simu. Presha ni ugonjwa wa kuangaliwa, anywe dawa zake, lakini presha haijawahi kupona kwa kudanganywa kila jioni. Kuna meli ya Nansio, ni mwendo wa saa tatu hivi. Mtume mmoja wa wadogo zako akamchukue, au nenda mwenyewe mumeo akibaki na mgonjwa. Mwambieni akiwa amekaa na dada yake au jirani anayemwamini. Yeye ndiye amelala kitanda kimoja na mzee miaka yote hii, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona uji haupiti. Kumwacha Ukerewe akiuliza mgonjwa anarudi lini ni kumnyima siku ambazo hazitarudi.

Nakuja kwa Shangazi, na hapa nitasema kwa ukali kidogo, si kwako bali kwa lile alilolisema.

Dua, maombi, padri kuja nyumbani, hayo yote ni mema na yanampa mzee nguvu. Hata anayemwamini mganga sitamcheka. Lakini mzee asiyemeza hawezi kupewa dawa ya moto ya kunywa, wala kufungishwa chakula, wala kuchanjwa mwili ambao hauna tena damu ya kupoteza. Na dawa yoyote ya mitishamba atakayoinywa, daktari wa mionzi lazima aambiwe. Ng'ombe msimuuze kwa ajili ya safari ya Sengerema. Nauli za kliniki zitamhitaji.

Lililonitetemesha ni yule bibi jirani. Mwanangu, sisi wa Kanda ya Ziwa tumezika bibi wengi kwa maneno ya aina hiyo. Mama wa watu macho yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe anachopikia, mtu akaugua jirani, mtu akasema neno moja kwenye msiba, na usiku mapanga yakabisha hodi. Huanza hivihivi, kwa shangazi mwenye uchungu wa kaka yake. Mwite pembeni umwambie waziwazi kwamba jina la bibi yule lisitoke tena mdomoni mwake, na uwaambie wadogo zako vilevile. Ukisikia limefika kwa vijana wa kijijini, nenda kwa mwenyekiti wa kijiji siku hiyohiyo.

Ugonjwa huu hauna haja ya mchawi. Upande wetu wa Afrika, kuanzia Ethiopia kushuka hadi Afrika Kusini, saratani ya koo la chakula inapatikana kwa wingi kuliko sehemu nyingi za dunia, na wataalamu bado wanachunguza kwa nini. Tumbaku na pombe zinajulikana kuchangia. Mwaka 2016 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani ilisema vinywaji vya moto unaopita nyuzi 65 huenda navyo vinachangia, na sote tunawajua wazee wetu wanaokunywa chai na uji vikitoka tu motoni. Sisemi ndicho kilichompata Baba. Nasema hakuna wa kulaumiwa kwa jina.

Kisha Shangazi mpe kazi. Uchungu wake unatafuta pa kwenda. Mwite Mwanza aje akae na kaka yake, apike uji. Na hapa niandike kama muuguzi: uji mwepesi wa ulezi wenye maziwa na siagi ya karanga laini, mtori uliosagwa, supu ya sato iliyochujwa vizuri kwenye kitambaa, kwa maana mwiba mmoja ukikwama pale ni balaa. Parachichi lililopondwa na maziwa. Kidogo kidogo mara sita au saba kwa siku badala ya bakuli moja kubwa la kumkatisha tamaa. Kisiwe cha moto, kiwe cha vuguvugu. Ale akiwa ameketi wima, abaki wima nusu saa au zaidi baada ya kula, na usiku alale kichwa kikiwa juu kwa mito miwili. Siku hata mate yakigoma kupita, au akiwa anapaliwa na kukohoa kila anapomeza, msisubiri tarehe ya kliniki, mpelekeni. Kuhusu mrija wa kupanua njia aliokutajia daktari, uliza Jumanne kama anafaa kuwekewa mapema. Kwa wagonjwa wengi unarudisha uji na vyakula laini, na mzee akiweza tena kumeza mchuzi, hata uso wake hubadilika.

Uliza pia jambo linaloitwa tiba shufaa. Watu huogopa jina hilo wakidhani ni kukatiwa tamaa. Ni huduma ya kupunguza maumivu, kichefuchefu, kukosa usingizi na hofu, na inaweza kwenda sambamba na mionzi. Maumivu yakizidi anaweza kupewa mofini ya maji, ambayo hunywewa kwa kipimo na kwa saa maalumu. Msiifiche kabatini mkingoja maumivu yawe makubwa, ifuateni saa zake. Itamfunga choo, kwa hiyo ombeni na dawa ya kulainisha choo siku hiyohiyo.

Kuhusu gharama hukuuliza, ila najua mashati sita ya shule si mtaji wa kutibia saratani. Sera ya nchi inawapa msamaha wa matibabu wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo. Baba ana miaka 68. Uliza kijijini kwake kama ana kitambulisho cha mzee, na ukifika hospitalini nenda ofisi ya ustawi wa jamii mapema, kabla bili haijapanda, uwaeleze hali halisi. Utazungushwa labda, rudi tena. Na shukuru kwamba siku hizi mionzi na dawa za saratani zinapatikana hapo hapo Mwanza, hospitali ya Bugando. Zamani mgonjwa wa Kanda ya Ziwa aliyehitaji mionzi alipanda basi hadi hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, na wengi hawakuwa na nauli wala mwenyeji.

Sasa Pasaka.

Nitakuambia ukweli, kwa kuwa nimekuomba umwambie Baba ukweli. Siwezi kusema miezi ile haikuwa na maana yoyote. Mapema ni bora kuliko kuchelewa, na yeyote anayesoma hapa, ambaye chakula kinamkwama kwa wiki mbili au zaidi na mwili unapungua, asimeze vidonge vya vidonda vya tumbo. Aombe kipimo cha kamera. Lakini koo la chakula lina tabia yake. Linatanuka, linavumilia, na mara nyingi siku ugali unapoanza kukwama, uvimbe umeshakua kitambo. Wewe uliona tonge dogo, ukamnunulia mzazi wako dawa uliyoijua kwa pesa uliyokuwa nayo. Hata zahanati, ambayo kazi yake ni kujua, ilitibu vidonda miezi minne. Na nani aliyepanda meli kumfuata? Nani aliyempandisha ngazi zile? Nikiwa muuguzi nimewaona watoto wengi wasiofika kabisa. Wewe ulifika.

Ila unachoka, na uchovu umeanza kumpiga mtoto. Mwanao aliyemwaga uji mwombe radhi leo, mwambie babu anaumwa sana na mama alikuwa na hofu. Watoto nao wanasikia nyumba ikinong'ona. Yule aliyeandika madeni kwenye daftari lake ameshabeba sehemu ya siri hii bila kujua, mwache ajue kwa kipimo cha umri wake. Panga zamu: mumeo usiku fulani, wadogo zako wikiendi, Shangazi jikoni. Kaka anayetuma pesa atume na wiki moja ya likizo yake. Tafuta mtu mmoja nje ya familia wa kumwambia "leo nimechoka" bila yeye kukujibu kwa ushauri. Na yale mashati, fumua mikono polepole, mwenye sare atangoja.

Daftari lile usilipoteze. Siku Baba akishajua, mrudishie, umuulize kama kuna kingine anachotaka kiandikwe, iwe ni shamba, ule mpaka wenyewe wenye ugomvi, au sehemu ya mama yako katika nyumba na mtumbwi. Muulize pia anataka kuwa wapi mambo yakiwa mazito, Igoma au kwake Ukerewe. Asipokuwa tayari kujibu, usimlazimishe. Liache daftari na kalamu mezani karibu naye.

Jumanne nendeni mapema ili apande ngazi akipumzika. Mkifika mlangoni kwa daktari, usitangulie. Mshike mkono kama anataka kushikwa, na mwache yeye aingie kwanza.